Mawingu na Jogoo: Historia ya Kipimo cha Uwiano

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zatosha kuwa mlango wa elimu kubwa. Ya kwanza yasema: Dalili ya mvua ni mawingu. Ya pili yasema juu ya jogoo: Liwike lisiwike, kutakucha. Katika kila moja pana mambo mawili yafuatanayo. Mawingu hutanda, kisha mvua hunyesha. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Mtu ahesabuye siku tu, bila kufikiri, angesema mambo haya ni ya namna moja. Pengine angemsifu jogoo kuliko wingu, kwa kuwa yako mawingu mengi yapitayo bila kudondosha hata tone, lakini ni nadra kupambazuka kijijini pasipo jogoo kusikika. Wahenga, hata hivyo, walipambanua. Mvua hutoka mawinguni kweli. Asubuhi haitoki kooni mwa jogoo. Wachinjwe majogoo wote wa kijiji leo, na kesho kutakucha kama kawaida.

Basi, tukiona mambo mawili yakiandamana, tutajuaje kama tumekutana na wingu au na jogoo? Swali hili ni gumu popote, lakini ni gumu zaidi katika saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Mkulima aweza kuuchimba udongo auone mzizi. Akili ya mtu haichimbiki. Kwa sababu hiyo wanachuoni wa elimu hii wameitegemea sana namba moja ndogo iitwayo kipimo cha uwiano, ambayo hueleza ni kwa kadiri gani mambo mawili huandamana. Historia ya namba hiyo yafaa ijulikane na kila mwanafunzi, maana mara nyingine imewafumbua watu macho, na mara nyingine imetumiwa kuwafungia wengine milango ya shule, hata katika nchi yetu ya Kenya.

Kipimo hiki kilianza Uingereza katika karne ya 19, mikononi mwa Francis Galton. Alizaliwa mwaka 1822 karibu na Birmingham, katika jamaa yenye mali, na yeye na Charles Darwin walikuwa wajukuu wa babu mmoja. Galton alikuwa mtu asiyeweza kukitazama kitu bila kutaka kukihesabu. Mwaka 1884, yalipofanywa maonyesho makubwa ya afya mjini London, alifungua humo chumba cha vipimo. Mgeni alilipa peni tatu, kisha akapimwa urefu, uzito, nguvu za kukamata kwa mkono, wingi wa pumzi, na ukali wa macho na masikio. Watu zaidi ya 9,000 walipita katika chumba hicho. Galton alidhani kuwa, kwa vile habari zote huifikia akili kwa njia ya milango ya fahamu, mwenye macho na masikio makali lazima awe na akili kali pia. Yalikuwa mawazo yake tu. Tutaona baadaye yalivyopatikana na kasoro.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kujishughulisha na urithi. Alikusanya habari za ndoa 205 na watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, akalinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Aliona kwamba wazazi warefu huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida urefu wa watoto hauzidi wastani kwa kiasi kile kile. Wazazi waliozidi wastani kwa inchi 3, watoto wao kwa jumla waliuzidi kwa inchi 2 tu. Wazazi wafupi nao walizaa watoto wafupi, lakini si wafupi kama wao. Mwaka 1886 alitangaza jambo hili, na tangu hapo limejulikana kama kurudi kwenye wastani. Mwanafunzi na alishike vema, kwa kuwa huwadanganya wengi. Aliyepata alama za ajabu katika mtihani mmoja, aghalabu hushuka kidogo katika ule unaofuata, na aliyeanguka vibaya sana hupanda kidogo. Mwalimu aliyemkaripia yule wa pili aweza kudhani karipio lake ndilo lililomwinua, kumbe angepanda hata kama asingekaripiwa.

Baada ya wazazi na watoto, Galton aligeukia viungo vya mtu mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1888 alipeleka andiko fupi mbele ya Chama cha Kifalme cha wanasayansi wa London. Alikuwa amelinganisha urefu wa wanaume na kile kipimo ambacho sisi wa Afrika ya Mashariki hukiita dhiraa, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kila mtu ajua kuwa mrefu huwa na dhiraa ndefu. Galton alitaka kujua ni kwa kadiri gani. Akagundua njia. Kila kipimo na kihesabiwe kwa umbali wake kutoka wastani wake chenyewe, kisha umbali huo ugawanywe kwa kadiri vipimo vya namna hiyo vinavyotawanyika. Vikifanywa hivyo, hata vitu visivyofanana, kama urefu na uzito, huwa kana kwamba vimeanza kusema lugha moja. Kwa urefu na dhiraa alipata 0.8. Hapo ndipo kipimo cha uwiano kilipozaliwa.

Aliyekipa umbo kinalotumika mpaka leo ni Karl Pearson, profesa wa University College mjini London, ambaye mwaka 1896 alichapisha kanuni yake ya hesabu. Kwa kanuni hiyo, namba ya uwiano haiwezi kuzidi 1 wala kupungua chini ya -1. Ikiwa 1, mambo mawili yanaandamana bila kukosea hata mara moja: hili likipanda, lile hupanda kwa kiasi kilichopangwa. Ikiwa -1, yanaandamana kinyume: hili likipanda, lile hushuka. Ikiwa 0, hayaandamani kwa namna hiyo hata kidogo. Kati ya miisho hiyo ndipo yalipo karibu mambo yote ya wanadamu. Asidhani mtu kuwa uwiano wa 0.8 maana yake ni watu 80 katika kila 100. Namba hii yatueleza jinsi alama za vipimo viwili zinavyokaribia kujipanga katika mstari mmoja ulionyoka, basi.

Kanuni ya Pearson ilikuwa nyepesi kutumia, na kitu chepesi hutumiwa na wengi. Ndiyo maana yeye mwenyewe alitoa maonyo mapema. Mwaka 1899 yeye na wenzake walionyesha mfano wa mafuvu ya kale yaliyotoka katika mahandaki ya maziko ya Paris. Walipolinganisha urefu na upana wa mafuvu ya wanaume peke yao, uwiano ulikuwa karibu na sifuri. Na kwa wanawake peke yao, vivyo hivyo. Lakini walipoyachanganya yote, uwiano ulitokea. Ulitoka wapi? Fuvu la mwanamume kwa kawaida ni kubwa kuliko la mwanamke kila upande, na mafungu mawili yakitiwa katika gunia moja, tofauti ya mafungu hujifanya uhusiano wa vipimo. Mtego huu ungaliko. Wapime watoto wote wa shule ya msingi, kuanzia darasa la kwanza mpaka la mwisho, na utakuta kuwa wenye miguu mikubwa husoma vizuri zaidi. Hakuna mzazi atakayeivuta miguu ya mwanawe ili ajue kusoma; watoto wenye miguu mikubwa ni wale waliokwisha kukaa shuleni miaka mingi.

Tusemapo, basi, kwamba jambo la kwanza na jambo la pili zina uwiano, yako maelezo matatu yanayoweza kuwa kweli. Huenda la kwanza ndilo linaloleta la pili. Huenda la pili ndilo linaloleta la kwanza. Au huenda liko jambo la tatu, lililojificha, linaloyavuta yote mawili, kama umri ulivyoivuta miguu na usomaji kwa pamoja. Namba ni ile ile katika hali zote tatu. Galton alilijua hilo. Katika andiko lake la 1888 alieleza kuwa viungo viwili huandamana kwa kuwa, kwa sehemu fulani, vinatokana na sababu za pamoja.

Ajabu ni kwamba Galton huyo huyo hakuyashika aliyoyajua katika jambo alilolipenda kuliko yote. Mwaka 1869 alikuwa ametoa kitabu kilichohesabu majaji, makamanda, wanasayansi na washairi, akaonyesha kwamba watu mashuhuri aghalabu wana jamaa mashuhuri. Hesabu ilikuwa kweli; neno aliloliongeza ndilo lenye shaka. Alisema kuwa ukubwa huo ulikuwa wa damu. Lakini mtoto wa jaji harithi damu tu. Hurithi nyumba yenye vitabu, shule ya ada kubwa, lugha ya mahakamani, na marafiki wa baba yake wenye kazi za kugawa. Yote haya yalitembea pamoja na damu, na hesabu haikuwa na njia ya kuyatenga. Mwaka 1883 Galton aliyapa jina mafundisho ya eujeniki, yaliyotaka wanadamu wachaguliwe katika kuzaana kama mifugo. Mafundisho hayo baadaye yaliwaumiza watu wengi katika nchi nyingi, na Pearson mwenyewe, mtu mwangalifu katika hesabu, alikuwa miongoni mwa mabingwa wake.

Hata hivyo kipimo cha uwiano, kikitumiwa kwa uaminifu, kiliweza kuwapinga hata waliokitunga. Katika karne ya 19 wanachuoni wengi wa Ulaya waliamini kwamba ukubwa wa kichwa ni kipimo cha akili, na kwamba kwa sababu hiyo wanawake hawawezi kuwa sawa na wanaume. Alice Lee, mwanafunzi wa Pearson, alitunga njia ya kukadiria nafasi ya ndani ya fuvu la mtu aliye hai kwa kupima kichwa chake kwa nje. Mwaka 1898 wataalamu wa elimu ya viungo walikutana Dublin, na 35 kati yao wakakubali kupimwa. Lee alipozipanga namba zao, ilionekana kuwa baadhi ya mabingwa waliosifika Ulaya nzima walikuwa na vichwa vidogo; Kollmann, mtaalamu mkubwa wa Basel, alikuwa chini kabisa katika orodha. Mabwana wale walikuwa wamekitengeneza kipimo ili kiwainue, nacho kikawashusha. Mwaka 1901 Lee alipewa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha London, ingawa watahini wengine walimsumbua sana.

Katika mwaka huo huo wa 1901 wazo jingine la Galton lilipimwa ng'ambo ya bahari, katika chuo cha Columbia mjini New York. James McKeen Cattell, aliyewahi kufanya kazi na Galton, alikuwa amewapima wanafunzi wa chuo kwa miaka kadhaa: wepesi wa mkono kuitikia ishara, nguvu za kukamata, upesi wa kutaja rangi, kumbukumbu, na mengineyo. Mwanafunzi wake Clark Wissler alizichukua namba hizo na kuzitafutia uwiano na alama za masomo. Kati ya wepesi wa kuitikia na alama za darasani alipata -0.02, yaani hapana kitu. Lakini alama za Kilatini na za Kigiriki zilikuwa na uwiano wa 0.75. Miaka ya kazi ya Cattell ilionekana kuporomoka kwa jedwali moja. Baadaye wataalamu walitoa tahadhari nyingine: wanafunzi wale walikuwa wamekwisha kuchujwa kabla ya kuingia chuoni, na katika kundi lililochujwa tofauti za watu huwa ndogo, hata uwiano uliopo huweza kufifia. Kwa hiyo namba kubwa huweza kudanganya, na namba ndogo nayo huweza kudanganya. Kila mara yatupasa kuuliza: ni nani waliopimwa, na walifikaje mbele ya mpimaji?

Mwaka 1904 Charles Spearman, Mwingereza aliyeacha uofisa jeshini ili asome saikolojia, alitoa andiko lililotikisa elimu hiyo. Alikuwa ameona kwamba watoto wa shule wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika masomo mengine pia, na kwamba karibu kila uwiano aliouhesabu ulikuwa juu ya sifuri. Akasema kuwa chini ya masomo yote iko nguvu moja ya akili, kama chemchemi moja inayolisha mifereji mingi. Ilikuwa fikra nzuri, nayo ingali ina watetezi. Lakini mwaka 1916 Godfrey Thomson alifanya jambo la werevu. Alitunga alama za uongo kwa kurusha dadu, akizipanga hivi kwamba kila mtihani wa kubuni ulitumia kundi la nguvu ndogo ndogo nyingi, wala haikuwamo nguvu moja kuu. Hata hivyo uwiano uliotokea ulijipanga vile vile kama ule wa Spearman. Thomson hakuthibitisha kwamba Spearman amekosea. Alithibitisha kwamba namba zile peke yake haziwezi kuamua kesi, maana maelezo mawili yanayopingana yaliweza kuzizaa.

Sasa tuje kwetu. Katika miaka ya 1930 mabishano haya ya Ulaya yalifika Nairobi, na hapa hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Serikali ya kikoloni na walowezi walikuwa wakishindana juu ya elimu ya Mwafrika: apewe kiasi gani, ya namna gani, na kwa fedha za nani. Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa kuzaliwa, akaitilia shaka elimu ya Kizungu kwa Waafrika. Mwenzake F. W. Vint, wa maabara ya utafiti wa tiba ya Nairobi, alipima ubongo wa Waafrika waliokufa, na mwaka 1934 akachapisha Uingereza andiko lililosema kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu na kwamba tabaka lake la juu ni jembamba zaidi. Mwaka 1936 Gordon alichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki uchunguzi juu ya uwiano wa ustaarabu na ugonjwa wa akili miongoni mwa Waafrika wa Kenya.

Hebu tulitie dai la ubongo katika mizani tuliyokwisha kuiona. Uwiano wahitaji vipimo viwili vya mtu yule yule. Vint alikuwa na ubongo wa maiti. Hakuna aliyewapima akili watu wale walipokuwa hai. Hakuwa na uwiano wa ubongo na akili. Alikuwa na nusu ya hesabu, na nusu ya pili akaijaza kwa dhana iliyokuwa imeenea miongoni mwa watawala. Tena, ni nani waliopimwa? Ni watu waliofia hospitalini, wengi wao maskini, baada ya maradhi na pengine baada ya maisha ya lishe duni, nao wakalinganishwa na vipimo vya Wazungu vilivyofanywa mahali pengine na mikono mingine. Ni gunia la mafuvu ya Paris tena, ila safari hii ndani ya gunia mlikuwa na hatima ya watoto wa shule. Na ilikuwa imepita miaka zaidi ya 30 tangu Alice Lee alipoonyesha kwa wataalamu wa Dublin kwamba ukubwa wa kichwa haukutabiri ubingwa wao.

Elimu na ugonjwa wa akili navyo vyataka mizani ile ile. Aliyefikishwa Mathari siku zile ni yule aliyekuwa karibu na mji, au mwenye mwajiri, au aliyejulikana na misheni na maofisa. Mgonjwa wa kijijini mara nyingi alitunzwa na jamaa zake, wala jina lake halikuingia daftarini. Katika daftari kama hilo, waliosoma wangeonekana wengi kuliko walivyo hata kama kalamu na ubao havikumdhuru mtu yeyote. Akina Gordon waliiomba serikali ya Uingereza fedha za utafiti mkubwa, wasipewe. Lakini madai yao hayakufa upesi. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa ameiongoza Mathari kwa miaka mingi, aliyategemea tena katika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani. Kitabu hicho kilisomwa mbali sana na Nairobi, na watu waliokuwa hawajamwona Mwafrika hata mmoja walidhani wameona ushahidi.

Asidhani msomaji kwamba Waafrika peke yao ndio waliofungiwa milango kwa namba. Huko Uingereza kwenyewe, baada ya sheria ya elimu ya 1944, watoto wa miaka 11 walifanyiwa mtihani uliowagawa: wachache waende shule za kuelekea chuo kikuu, wengi waende kwingine. Miongoni mwa waliojenga imani kwamba akili ya mtoto yaweza kujulikana mapema, na kwamba sehemu yake kubwa ni ya kuzaliwa, alikuwa Cyril Burt, mwanasaikolojia aliyepewa hata cheo cha Sir. Ushahidi wake mashuhuri ulikuwa juu ya mapacha wanaofanana kabisa, waliotenganishwa wakalelewa katika nyumba mbalimbali. Mwaka 1955 alisema amepima jozi 21, uwiano wa akili zao ukawa 0.771. Mwaka 1966 alisema jozi zimefika 53, na uwiano ulikuwa 0.771. Jozi zilizidi mara mbili, lakini namba haikusogea hata tarakimu moja.

Burt alikufa mwaka 1971. Mwaka 1974 Leon Kamin wa Marekani aliitangaza ajabu hiyo, kwa kuwa kila apimaye watu wapya ajua kwamba namba lazima itikisike kidogo. Mwaka 1979 Leslie Hearnshaw, aliyeandika maisha ya Burt, alikata shauri kuwa baadhi ya habari zake zilikuwa za kubuni. Baadaye wengine walimtetea, wakisema ulikuwa uzembe wa mzee na si hila. Lakini hapana mtafiti makini anayezitegemea namba hizo tena. Wataalamu wengine wamepima mapacha kwa uangalifu, nao wamepata uwiano mkubwa pia, kwa hiyo swali la urithi halikufungwa kwa kuanguka kwa Burt. Linalotisha ni kwamba kwa miaka mingi namba ile ilinukuliwa vitabuni bila mtu kuuliza kwa nini haitikisiki.

Baada ya kusikia haya yote, pengine mwanafunzi atasema: Basi uwiano ni bure, na tuutupe. Hilo nalo ni kosa, tena kosa lililogharimu roho za watu. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha habari za wagonjwa wa hospitali za London. Katika wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, 2 tu hawakuwa wavutaji wa tumbaku. Katika wanaume 649 wenye maradhi mengine, wasiovuta walikuwa 27. Huo ulikuwa uwiano, si jaribio, maana hakuna mtu mwenye huruma ambaye angewalazimisha watu kuvuta sigara miaka 20 ili aone watakufaje. Ronald Fisher, bingwa mkubwa wa takwimu na yeye mwenyewe mvutaji, alipinga. Alisema huenda maumbile fulani ya kuzaliwa humfanya mtu apende sigara na pia yakampa saratani. Au huenda mapafu yaliyoanza kuugua ndiyo yanayomfanya mtu atamani moshi. Mwanafunzi atatambua hapa yale maelezo yetu ya tatu na ya pili.

Swali la Fisher lilikuwa halali. Kosa lake lilikuwa kukataa jibu lilipokuja. Doll na Hill hawakusimama kwenye namba moja. Tangu 1951 waliwafuata makumi ya maelfu ya madaktari wa Uingereza, wakiandika kwanza nani anavuta, kisha wakingoja kuona nani atakufa na kwa ugonjwa gani. Kwa hiyo haikuwezekana tena kusema kuwa ugonjwa ulitangulia. Waliovuta zaidi waliugua zaidi. Walioacha, hatari yao ilipungua kadiri miaka ilivyopita, wala kuacha sigara hakumbadilishi mtu maumbile aliyozaliwa nayo. Nchi nyingine zilipima kwa njia nyingine na kupata jambo lile lile. Mwaka 1965 Hill aliyapanga maswali ya namna hii katika hotuba ambayo mpaka leo watafiti huirejea: je, uhusiano ni wa nguvu, umeonekana mahali pengi, sababu hutangulia matokeo, na dozi ikizidi madhara huzidi? Hakuna swali moja linalotosha. Yote pamoja hukusanya ushahidi kama mashahidi wengi barazani.

Ndivyo elimu ya saikolojia inavyofanya kazi inapokuwa katika hali yake njema. Mambo mengi ya maisha hayawezi kufanyiwa jaribio: hatuwezi kumnyang'anya mtoto wazazi wake, au kumtia mtu hofu ya miaka kumi, ili tuone kutatokea nini. Hubaki kutazama, kupima na kulinganisha, na uwiano ndio unaotuonyesha mahali pa kuchimba. Lakini kuonyeshwa mahali si kuchimba, wala kuchimba si kufikia maji.

Wewe msomaji utakutana na uwiano maisha yako yote, hata pale ambapo jina lake halitajwi. Gazeti litasema kuwa wanafunzi wanaokula asubuhi hupata alama nyingi. Mwanasiasa atasema kuwa watu wa mahali fulani ni wavivu kwa kuwa ni maskini, au ni maskini kwa kuwa ni wavivu. Ukisikia hivyo, uliza ni nani waliopimwa, na ni nani walioachwa nje. Uliza kama vipimo viwili vilichukuliwa kwa watu wale wale. Uliza kama jambo la pili lingeweza kulizaa la kwanza, na kama liko la tatu lililojificha. Mwisho uliza ni nani atakayefaidika au kuumia hesabu hiyo ikiaminiwa. Maswali hayo yangeulizwa kwa sauti kubwa Nairobi mwaka 1934, hoja ya uzito wa ubongo isingesafiri mbali vile. Jogoo la namna ile lingali linawika kila siku, nasi tuna wajibu wa kujua kwamba silo linaloleta asubuhi.